Begi la Kamera kwa Safari za Kusini

SOMOE: Karibuni tena kipindini, wasikilizaji wetu. Tupo Mtwara mjini, mimi Somoe na mwenzangu kaka Hamisi. Leo kuna swali la kijana anayepiga picha za harusi kule Nachingwea. Anataka kuanza kutembea na kamera, aende Kilwa, Mikindani, apande mpaka Newala. Anauliza, anunue begi la mgongoni lenye ujazo wa lita ngapi?

HAMISI: Swali zuri, dada. Ila mimi lita ningemwambia aziweke kando kwanza. Aanze na usafiri. Huku kwetu unaweza kuamkia kwenye basi, ukashukia kwenye bodaboda, ukamalizia na mashua, siku hiyohiyo. Begi likikushinda hata sehemu moja tu kati ya hizo, halikufai, hata kama dukani lilikuwa linavutia namna gani.

SOMOE: Haya, nipeleke kwenye basi.

HAMISI: Kwenye basi msimamo wangu ni mmoja: begi la kamera haliingii kwenye buti. Konda atakuambia weka chini, nafasi ipo. Mkatalie kwa adabu. Kule chini kuna magunia na madumu, na msimu wa korosho ndiyo usiseme. Kwa hiyo begi ni lazima likae mapajani au katikati ya miguu yako. Ukishakubali hilo, lita zinajijibu zenyewe. Begi la lita 20 mpaka 25 linachukua kamera moja, lenzi mbili au tatu, chaja na koti jepesi. Ukifika lita 40 utakuwa unagombea nafasi na jirani yako safari nzima.

SOMOE: Na anayepanda ndege aangalie mizani. Mashirika mengi yanakupa kilo 7 tu za mkononi. Sasa begi lenye sponji nene, likiwa tupu, linaweza kukaribia kilo 2. Weka lenzi ya 70-200 yenye f/2.8, ile kubwa ya kuvuta vitu vya mbali, hiyo ni kama kilo moja na nusu. Nusu ya uzito imekwisha na kamera yenyewe hujaiweka! Kwa hiyo ukiwa dukani, linyanyue begi likiwa tupu kabla hujauliza bei.

HAMISI: Wengine wakiona uzito umezidi wanahamishia betri kwenye sanduku linalokwenda chini.

SOMOE: Hilo hapana, kaka. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ikishika moto kule hakuna mtu wa kuiwahi. Zinabaki na wewe, kila moja imefunikwa vile vichwa vyake visigusane na chuma. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri, yaani kipimo cha umeme inaoutunza. Za kamera tunazotumia wengi ziko chini sana ya hapo, ila wenye betri kubwa za video wasome maandishi ya ubavuni. Kinachohamia kwenye sanduku ni nguo na stendi ya kamera.

HAMISI: Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi naliweka mbele ya yote: begi linafungukia wapi. Chukua Kilwa. Umevuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, maji yamepwa. Mashua haifiki ufukweni, unashuka kwenye maji na tope, begi mgongoni. Unafika kwenye Msikiti Mkuu, mwanga umekaa vizuri kwenye matao, unataka kubadilisha lenzi. Begi linalofunguka kwa mbele utalilaza chali, mikanda yote kwenye mchanga na tope. Ukilivaa tena, tope lile linahamia kwenye shati. Lakini linalofunguka upande wa mgongo wako, unalaza uso wake chini, na upande unaokugusa unabaki msafi.

SOMOE: Na stendi ya basi, aliyesimama nyuma yako hana zipu ya kuichezea. Iko mgongoni kwako.

HAMISI: Sawasawa. Na likiwa na mshipi imara wa kiunoni, hata kuliweka chini si lazima. Unatoa mabega kwenye mikanda, mshipi unabaki umefungwa, unalizungusha mpaka linakuja tumboni. Linakaa pale kama meza. Unafungua, unatoa lenzi hii, unarudisha ile, umesimama ndani ya maji.

SOMOE: Ila mshipi uwe mshipi kweli, wenye sponji, unaokalia mifupa ya nyonga. Ule utepe mwembamba unazuia begi lisichezecheze tu, haubebi uzito. Mtu aende dukani na vifaa vyake, avipakie, afunge kiuno kwanza, mabega baadaye. Mabega yakibaki mepesi, begi limemkubali.

HAMISI: Hapo tumekubaliana.

SOMOE: Sasa tutatofautiana. Mimi kwa huyu kijana nisingemshauri begi la kamera kabisa. Begi lenye nembo ya kampuni ya kamera linatangaza kilichomo. Aende mitumba, achague begi imara la kupandia milima, kisha fundi cherehani amshonee kisanduku cha sponji cha kuingia ndani, chenye vikuta vya velkro vya kuhamishika. Sponji iwe ngumu, ukiibonyeza kwa kidole irudi haraka. Ya godoro laini haifai, lenzi zitagongana.

HAMISI: Nakuelewa, lakini mabegi mengi ya aina hiyo yanafunguka juu tu. Lenzi iko chini kabisa, unatoa koti, unatoa chupa ya maji, ndege uliyetaka kumpiga picha ameshaondoka.

SOMOE: Achague lenye zipu inayozunguka mwili mzima. Yapo, ukiwa na subira ya kupekua.

HAMISI: Akilipata, sawa. Asipolipata, ajichange anunue la kamera. Kwa Kilwa siwezi kulegeza.

SOMOE: Kuna na hili la maji. Kile kifuniko cha mvua kinafunika uso wa begi, hakifuniki mgongo, na kwenye mashua maji yanakuja kutoka kila upande. Kamera iingie kwanza kwenye mfuko usiopitisha maji, wa kukunja mdomo, ndipo iingie begini. Na ukitoka baharini, futa zipu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kivulini, halafu pitisha mshumaa kwenye meno yake. Chumvi ikikauka mle, kile kishikizo cha chuma kinaota kutu na kuganda.

HAMISI: Newala shida ni vumbi lile jekundu. Kwenye bodaboda mimi begi nalivaa kifuani, linakaa kati yangu na dereva, halipigwi na vumbi la nyuma. Na mikanda inayoning'inia ikunjwe na kufungwa yote. Isikaribie mnyororo wala gurudumu, hilo ni suala la maisha.

SOMOE: Na akirudi nyumbani asiache vifaa ndani ya begi. Sponji inatunza unyevu, na pwani hii, hasa mvua zetu za Desemba mpaka Aprili, ukungu unaota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui. Atoe kila kitu, begi libaki wazi mahali penye upepo, lenzi zikae kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu. Vikishiba maji, abadilishe.

HAMISI: Vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya?

SOMOE: Hivyohivyo, ila kimoja hakitoshi kontena zima. Tuishie hapo kwa leo. Asanteni kwa kutusikiliza.