Makumbi ya Ufuoni

ASHA: Hamjambo, wasikilizaji wetu. Leo tuliahidi kueleza mambo matatu kuhusu miche ya okidi inayotoka chupani ilimooteshwa kwa mbegu: mwanga, mbolea na kuihamishia mtini. Hata hivyo, Bwana Khamis, niruhusu nianze na msiba wangu. Jumamosi niliifungua ile chupa ya Ansellia africana, okidi yetu yenye madoa ya chui, nikapanda miche 30 kwenye vipande vya makumbi ya nazi. Kufikia Alhamisi, 11 ilikuwa imekufa.

KHAMIS: Pole sana, Bi Asha, maana najua ulivyoingojea chupa ile. Kifo kilianzia wapi?

ASHA: Kilianzia kwenye ncha za mizizi. Zilikuwa za kijani, zikageuka rangi ya kahawia iliyoiva, kisha ncha za majani zikakauka kama zilizobabuliwa na moto. Jumatano nilikigusisha ulimi kipande kimoja cha kumbi, nikaonja chumvi. Mama aliyeniuzia alinieleza kwamba makumbi yale yalikuwa yamefukuliwa ufuoni.

KHAMIS: Kumbe ni makumbi ya shimoni! Wasikilizaji wa bara huenda hawajayaona. Maji yakipwa, akina mama huchimba mashimo, hufukia makumbi na kuyagandamiza kwa mawe, nayo hukaa humo miezi mingi yakilainika, hadi siku ya kufukuliwa na kupondwa ili kutoa usumba wa kusokota kamba. Harufu yake huijua kila aliyekulia pwani.

ASHA: Nyanya yangu alisomesha watoto kwa kamba hizo, kwa hiyo simlaumu mama yule. Aliyenunua bila kuuliza ni mimi.

KHAMIS: Lakini mimi sikubali kwamba chumvi ndiyo iliyoua. Mbegu ya okidi ni kama vumbi na haina akiba ya chakula. Porini huota pale tu inapolishwa na kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba inaweza kuota bila kuvu ikipewa sukari ndani ya agari, yaani rojo la mwani. Sukari hiyohiyo ikibaki mizizini baada ya mche kutoka chupani, huwa karamu ya vijidudu vya uozo.

ASHA: Niliosha kila mche kwa maji ya uvuguvugu hadi utelezi ukaisha vidoleni.

KHAMIS: Na miche minne uliyoniambia kwenye simu kwamba ililegea shinani?

ASHA: Ililegea baada ya mizizi kufa.

KHAMIS: Au mizizi ilikufa baada ya shina kuoza. Uliifunika kwa nailoni bila tundu hata moja, Bi Asha.

ASHA: Niliifunika kwa sababu majani yaliyolelewa chupani ni mororo na hayajajifunza kuzuia maji yasipotee. Ningeiacha wazi ingenyauka kabla ya jioni. Tena miche mitano niliyoipanda kwenye mkaa, chini ya nailoni hiyohiyo, yote ni mizima.

KHAMIS: Mkaa hukauka upesi, na uozo haupendi pakavu. Ushahidi huo unanifaa mimi kama unavyokufaa wewe.

ASHA: Hapo hatutaelewana. Mimi nimeyaloweka makumbi mapya, ya nazi zilizofuliwa uani kwangu, katika maji ya mvua, nayabadilisha kila asubuhi. Jana maji yalikuwa bado mekundu kama chai ya rangi, leo yamefifia.

KHAMIS: Ni kazi njema, ila chupa ya pili ningeiacha imefungwa hadi tujue kilichoua miche ile.

ASHA: Miche ya chupa ya pili imekwisha kugusa kifuniko, na mizizi imesukana. Nikichelewa, nitaivunja nikiitenganisha. Nitaifungua Jumamosi.

KHAMIS: Basi toboa nailoni.

ASHA: Nitatoboa upande mmoja tu. Wasikilizaji, dakika zetu zimekwisha, na mwanga, mbolea na mti hatukuvifikia.

KHAMIS: Ijumaa ijayo njoo na miche yenyewe mezani, iliyokufa na iliyo hai.