Kumkata kucha mtoto asiyevumilia kuguswa

Karibuni. Leo tunamkata kucha mtoto yule ambaye akiona tu kikata kucha anakunja ngumi na kuanza kupiga kelele. Watu watakwambia amedekezwa. Wapo watoto ambao si kudeka hata kidogo: mguso mwepesi, ambao wewe huuhisi kwa shida, wao huupokea kama hatari. A. Jean Ayres, Mmarekani mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani tiba inayomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, alianza kulieleza jambo hili miaka ya 1960, na mengi nitakayowaonyesha yana asili katika kazi yake.

Kwanza, mpe kazi nzito kwa dakika kama 10. Asukume ukuta kwa viganja viwili, abebe kapu la nguo, au atembee kwa mikono huku umemshika miguu. Misuli na viungo vikifanya kazi hiyo, watoto wengi hutulia. Usimzungushe wala kumrusharusha; hayo humchangamsha, na sasa hivi hatutaki achangamke.

Halafu mwogeshe. Kucha zikilowa hulainika.

Sasa tazama mkao. Mtoto yuko mapajani mwangu, mgongo wake umeegemea kifua changu, sote tunatazama upande mmoja. Nakata kama ninayekata za kwangu, na yeye anaona kila kitu.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanashika kidole kwa ncha za vidole, taratibu, wakidhani wanamhurumia. Huo ndio mguso unaomsumbua. Shika kiganja chake chote, kwa uthabiti lakini bila kumuumiza. Minya kidole kuanzia shina hadi ncha. Ukifika nchani bonyeza, hesabu hadi 3, achia. Akitaka kujibonyeza mwenyewe, mwache, tena ni bora zaidi.

Mpe kikata kucha akishike, akate kipande cha karatasi huku unamwangalia, azoee ule mlio. Kisha achague kidole cha kuanza. Sema, "Moja, mbili, tatu, kata," na ukate kwenye "kata", si kwenye "mbili". Acha ukingo mweupe kidogo, usifuate nyama. Bonyeza ncha tena, uliza: "Kingine?" Akikataa, weka chini. Kucha mbili leo, mbili kesho, zitaisha.

Mwili ukikakamaa, akabana pumzi au akatokwa jasho, simama hata kama mmebakiza kidole kimoja. Ukimkamata kwa nguvu utamaliza leo, ila kesho hutampata.

Najua mtaniuliza kuhusu kumkata akiwa amelala. Sikatazi, hasa kama kucha zimeshaanza kumkwaruza. Ila hajifunzi kitu usingizini, na akishtuka katikati ataanza kuogopa hata kulala. Tupa ya kusugulia kucha nayo usiitegemee sana. Kuna watoto ambao mtetemo wake huwakera kuliko mkato wenyewe.

Kama vurugu hizi zipo pia kwenye nywele, nguo na chakula, hadi anakosa usingizi au shule inamshinda, mpeleke kwa mtoa tiba kwa vitendo. Nenda na video fupi uliyorekodi kwa simu nyumbani, maana kliniki mtoto anaweza kutulia kabisa ukaonekana umetunga. Mweleze pia nguo anazovaa bila ubishi na michezo inayomtuliza, ataanzia hapo.