LED kwenye taa ya lori: kwanza tupime ukutani

Shikamooni wazee. Vijana, habari za jioni. Nitaanza bila kuwazungusha manake giza linaingia na leo giza ndo tunalihitaji. Hili jambo nimeshaliongea hapahapa Makambako sijui mara ngapi, nimeliongea kwenye foleni ya mizani, nimeliongea gereji na madereva mmoja mmoja, na bado kila wiki linaingia lori limefungwa balbu za LED kwenye taa za halojeni na dereva anashuka ananiambia fundi njoo uone, inawaka kama mchana. Inawaka, ndiyo. Mimi nauliza mwanga unaangukia wapi, hapo wengi wananyamaza.

Nimeshika balbu mbili, we kijana pita nazo kila mtu azione kwa macho yake. Ya kwanza ni H7, aina ya balbu ya taa ya mbele, ya volti 24, wati 70, ndo hiyo halojeni ya kawaida. Ndani kuna kaspiringi, kafupi kuliko punje ya mchele, mwanga wote unatoka hapo. Sasa kile kibati kinachong'aa nyuma ya taa, rifleta, kila mkunjo wake umepigiwa hesabu kuanzia kwenye hako kaspiringi. Kakisogea milimita moja tu mbele au nyuma, mkunjo unarusha mwanga kwingine. Ya pili ni LED. Spiringi hamna, kuna vichipu vimebandikwa upande huu na upande huu wa bamba. Angalieni unene wa bamba lenyewe, yani hivyo vichipu havijakaa pale spiringi ilipokuwa imekaa, vimeachana. Juu na chini hamna mwanga kabisa. Halafu mtu anaifunga hata haangalii vichipu vinaelekea wapi, wakati vinatakiwa vitazame kushoto na kulia, yeye kafunga vimetazama juu na chini, basi hapo ndo umeharibu kila kitu.

Niwape mfano wa dereva mmoja, simtaji, yupo hai na anaendesha mpaka leo. Alikuja jioni kama hii, lori lake linaenda Tunduma na mzigo, kanunua LED Dar, boksi limeandikwa lumeni, yani kipimo cha mwanga, elfu 20 na wati 40. Nikamwambia kaka, gawanya hapo, ni lumeni 500 kwa kila wati, hamna LED nyeupe duniani inayotoa hivyo, hiyo namba mtu kaiandika tu. Hataki kusikia. Nikasema sawa, sibishani na wewe, tunafunga upande mmoja tu, upande wa pili tunaacha balbu yako ya zamani, tunasogeza lori mita kumi kutoka ukutani tunazima taa za yadi.

Upande wa halojeni ulikuwa hafifu, kweli, rangi kama chai ya maziwa. Ila mstari uko pale ukutani, unauona: chini mwanga, juu giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili uone mtembea kwa miguu na kibao cha barabarani. Upande wa LED hamna mstari. Mwanga umemwagika, madoa madoa, umepanda ukuta mpaka kwenye mabati ya paa, na pale chini karibu na bampa kuna weupe mkali unaumiza macho. Dereva akacheka akasema si ndo naona sasa? Nikamwambia panda kwenye kiti. Nikamchukua tandiboi wake, msaidizi wake wa lori, kavaa koti jeusi, nikamwambia tembea mbele ya lori unahesabu hatua kwa sauti, bosi wako akikupoteza anapiga honi. Kwa LED honi ililia kwenye hatua 50 na kidogo. Yani lile lori linalowaka kama mchana lilimpoteza mtu kwenye hatua 50! Sababu ni kwamba ule weupe wa karibu na bampa unafanya mboni ya jicho ijifunge, na jicho likishajifunga mbali hulioni tena, unajiona una mwanga mwingi kumbe umeangaziwa miguu yako.

Halafu nikamtoa, nikamweka kwenye gari dogo upande wa pili wa yadi, anatazamana na lori lake mwenyewe, taa ziko dimu, sio fulu. Akaweka mkono usoni. Hakusema kitu. Nikamwambia hivyo ndo anavyokuona dereva wa basi anayepanda Kitonga wewe unashuka, ana abiria 60 nyuma yake, kona ile mnaijua wote, anakupigia dipu anadhani uko fulu, unamjibu kwa kuwasha fulu yenyewe umwonyeshe kwamba ulikuwa dimu, sasa nyote wawili hamuoni na pembeni kuna bonde.

Sasa sikilizeni, hapa ndo penye pesa yenu. Nilichukua mita nikapima. Kwenye betri injini ikiwaka, volti 27.8. Kwenye soketi ya taa, taa ikiwa imewashwa, volti 24.6. Volti tatu zimepotelea njiani, kwenye waya zilizochoka, swichi iliyoungua, na ile arthi imefungwa kwenye chuma chenye kutu. Mtasema volti tatu ni nini. Balbu ya halojeni haipungui mwanga sawasawa na volti, inaporomoka: ukipunguza umeme asilimia kumi, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Huyu bwana alikuwa ameshapoteza theluthi nzima ya mwanga wake kabla hajaingia dukani! Nikamfungia relei mbili, yani swichi zinazowashwa kwa umeme, waya mnene moja kwa moja kutoka betri na fyuzi yake, arthi mpya, nikasugua kioo cha taa kilichokuwa njano kwa msasa wa maji namba 1000 halafu 2000 na dawa ya kung'arishia, nikaweka halojeni mpya za kampuni inayoeleweka. Tandiboi akatembea tena na koti lake jeusi. Honi ililia kwenye hatua 80 na zaidi, na kwenye gari dogo mtu unakaa bila kuweka mkono usoni. Gharama yote haikufika bei ya zile LED alizonunua.

Hizo hatua 30 sio mchezo. Lori kwenye 80 linakula mita 22 kila sekunde. Unaona kitu, mguu uhame ukanyage breki, upepo ufike kwenye madramu ya tela, tayari mita 30 zimeenda na hujaanza kupunguza. Pale Mikumi tembo hana taa ya nyuma.

Naona mzee pale anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema, mbona malori mapya yanatoka kiwandani na LED? Yanatoka, na ni taa nzuri sana mzee wangu, sijawahi kuzisema vibaya. Lakini ile taa nzima imechorwa kwa ajili ya LED, rifleta yake, lenzi yake, mpaka sehemu ya kupoozea joto. Ukinunua taa nzima ya namna hiyo nakufungia kwa mikono miwili. Ninachokataa ni kuchukua nyumba iliyojengwa kwa ajili ya spiringi ukahamishia mpangaji mwingine. Na msiseme ni ushamba wetu wa huku, Ujerumani penyewe mpaka 2020 ndo waliruhusu balbu za LED za kubadilishia kwenye H7, tena kwa orodha, modeli hii ya gari imepimwa ndiyo, isiyokuwa kwenye orodha hapana. Wenye viwanda wenyewe wanapima taa moja moja, sisi tunapima kwa kusema inawaka.

Mwingine ataniambia taa za pembeni za tela, indiketa, za nyuma? Weka LED, hizo hazina ule mstari wa kukata mwanga, zinakula umeme kidogo, usiku ukipaki betri haifi. Hapo hatugombani.

Haya mengine nayakimbiza. Feni ya nyuma ya balbu ya LED: vumbi la njia za machimbo linaiua, feni ikifa chipu inapata joto, mwanga unafifia kidogo kidogo wewe hujui. Kifuniko cha nyuma ya taa: LED nyingi ni ndefu hakifungi, mtu anakiacha wazi, maji na vumbi yanaingia rifleta inakufa, na rifleta ikishakufa hamna balbu itakayokusaidia. Rezista za kudanganya kompyuta ya lori isiseme balbu imekufa, zile zinachemka, msizifunge kwenye plastiki wala kwenye mkungu wa waya, nimeona waya zimeyeyuka.

Na mshale. Hili hamlijui wengi. Simama mbele ya lori utazame kioo cha taa, ukiona mshale umeelekea kulia kwako, hiyo taa ni ya nchi za kuendesha kushoto, ya kwetu. Usipouona mshale, ni taa ya kuendesha kulia, lori limetoka Ulaya bara, ule mstari unapandia upande wa anayekuja. Hiyo hata ukiweka mshumaa inampiga mwenzako. Badilisha taa, sio balbu. Wanaovuka Rusumo kuingia Rwanda au Kasumbalesa kuingia Kongo wana hesabu nyingine, huko wanaendesha kulia, waniulize baadae.

Kuseti urefu wa mwanga nilitaka nieleze vizuri, ile asilimia moja ya kushusha mwanga ni sentimita kumi chini kwa kila mita kumi, na lori refu linataka ishuke zaidi ya hapo, angalieni kibandiko. Lakini bora muone. Giza limeshakaa. We kijana, lete lile la kwanza, hilo lenye LED, tairi za mbele ziishie kwenye chaki, na mtu azime taa ya getini.