Oglethorpe, Barua ya Ayuba na Kuzaliwa kwa Georgia

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika, hasa ninyi mliosimama huko nyuma. Niliombwa nizungumzie waasisi wa majimbo ya Marekani. Majimbo ni hamsini na saa tuliyopewa ni moja, kwa hiyo nitakaa Georgia tu.

Wengi watawaambia Georgia ilianzishwa na wafungwa wa madeni. Sivyo, ingawa wazo lenyewe lilianzia jela. James Oglethorpe, mbunge wa Uingereza, alikuwa na rafiki msanifu majengo, Robert Castell. Deni likampeleka Castell gerezani London. Aliposhindwa kumlipa mkuu wa gereza alichodai, akatiwa kwenye nyumba yenye wagonjwa wa ndui. Akafa humo, 1728. Oglethorpe akaongoza kamati ya Bunge kukagua magereza, na hapo likazuka wazo la koloni la maskini. Lakini walioshuka Savannah, mji wa kwanza wa Georgia, Februari 1733 walikuwa mafundi na wachuuzi na familia zao. Waliotolewa jela karibu hawakuwemo.

Na ardhi ilikuwa na wenyewe. Pale juu ya mto waliishi Wayamacraw, Wahindi Wekundu wenyeji wa pale, mzee wao Tomochichi. Mazungumzo yao na walowezi yalipita kinywani mwa Mary Musgrove, mama yake Mcreek, yaani mwenyeji naye, baba yake Mwingereza. Bila mkalimani huyu sioni mji ule ungesimamaje, ila sanamu kubwa ya shaba amepewa Oglethorpe.

Mwaka 1735 utumwa ukapigwa marufuku katika koloni. Msidhani ni huruma tupu. Wadhamini, yaani waliokabidhiwa kuliendesha koloni, walitaka wazungu maskini walime kwa mikono yao, tena waliwahofia Wahispania wa Florida, ambao waliwapa uhuru watumwa waliotoroka kutoka kwa Waingereza.

Oglethorpe mwenyewe je? Alikuwa naibu gavana wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyofanya biashara ya watu. Ndipo ikamfikia barua ya Kiarabu. Mwandishi wake, Ayuba Suleiman Diallo wa Bundu, Senegambia, Afrika Magharibi, mtoto wa mwanachuoni, alikuwa mtumwa Maryland. Alikuwa akiingia porini kuswali, na mtoto wa kizungu akimfuata kumrushia uchafu usoni. Barua alimwandikia baba yake. Kadhi yeyote wa Lamu wa zama zile angeisoma. Oglethorpe akaipeleka Oxford ikatafsiriwa, akaahidi fedha za kumkomboa. Ayuba alirudi kwao 1734. Na hili nalo tusilifiche: alitekwa akiwa anatoka kuuza watumwa wawili.

Marufuku haikudumu. Walowezi waliona jirani zao wa South Carolina wakitajirika kwa mpunga uliolimwa na watumwa, wakalalamika mwaka hata mwaka. Waskoti wa Darien, mji mwingine wa Georgia, waliandika 1739 kuupinga utumwa, hawakusikilizwa muda mrefu. Mwaka 1751 mlango wa utumwa ukafunguliwa.

Tomochichi alifariki 1739, Oglethorpe akawa miongoni mwa waliobeba jeneza. Walimzika katikati ya uwanja wa mji. Mwaka 1883, mahali palepale, ukajengwa mnara wa bwana mmoja wa reli, William Gordon. Jiwe la kumbukumbu la Tomochichi liliwekwa 1899, pembeni.