Semina Tumeshiba, Tuzungumzie Nauli

Mwenyekiti, umenipa dakika 10. Nane nitazimalizia kwenye jambo ambalo wengine hapa mmenisikia nikilisema hadi mmelikariri. Mtanivumilia.

Kuna kikundi cha akina mama kule mlimani Mabatini, Mwanza. Kipindupindu kikiingia, wao ndio wanaopanda kwa miguu hadi gari lisikofika, nyumba kwa nyumba: kidonge kimoja cha klorini kwa ndoo ya lita 20, choo, kunawa mikono, na mtoto akiharisha anyweshwe ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, papo hapo huku safari ya zahanati ikiandaliwa. Mfadhili akawapenda. Akasema atawajengea uwezo. Mnacheka kwa sababu mnajua kilichofuata! Wakaitwa hotelini siku tatu kujaza majedwali ya malengo na viashiria, wakapewa mkoba, kalamu na fulana. Mwezeshaji, kijana mtanashati, akamfundisha mama aliyezeeka akigonga milango ile namna ya kuifikia jamii. Jamii gani? Ni majirani zake hao!

Wakarudi mlimani na fulana zao. Hela ya kutoa kopi za vipeperushi hakuna, simu ya katibu haina vocha, na hakuna anayejua kuandika hesabu namna mfadhili anavyozitaka. Chai ya saa nne pale hotelini tu ingewalipia kopi za masika yote.

Namsikia mtu pale nyuma: wakipewa hela mkononi, wataila. Ndugu yangu, akina mama hawa wanaendesha kikoba, chama chao cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani hana hata mmoja. Hesabu husomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote. Ofisini kwako zilisomwa lini?

Walipieni mtu wa kuweka vitabu mpaka wao wenyewe wazoee. Walipieni nauli, vocha, kodi ya chumba kimoja, miaka mitatu au minne mfululizo. Mradi wa miezi sita unaisha kabla muhuri haujachongwa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada kwa siku 90, mashirika yenye magari na vibao vikubwa barabarani yalianza kupunguza watu. Kikoba hakikuahirisha kikao.

La pili, haraka: Sheria ya NGO ya 2002 inataka ripoti ya ukaguzi wa hesabu kila mwaka. Sawa kabisa, lakini mkaguzi analipwa na nani? Bajeti za miradi zinamkwepa. La tatu, vipeperushi vyenye maandishi kama chawa, naliruka. La nne lilihusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii na mpango uliozinduliwa Januari 2024... naona Mwenyekiti ananyanyua saa.

Haya, maafisa maendeleo ya jamii mliopo: kabla hamjaandika barua ya semina nyingine, pandeni Mabatini mkawaulize wanadaiwa kodi ya miezi mingapi.