Hela ya kushinda bustanini natoa wapi? Leo nawajibu

Haya wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Kabla sijawazungusha huku, nianze na lile swali. Kila nikipandisha video naulizwa hilohilo: "Dada, hela ya kushinda bustanini unatoa wapi, na kazi unafanya lini?" Mwingine kaandika nimeanza kuringa. Siringi jamani, na wala sijaja kuwalilia.

Hapa ni bustani ya Georgengarten, Hannover, Ujerumani. Kuingia bure, hakuna geti wala mkata tiketi. Njia hiyo nyuma yangu yenye miti pande zote ni Herrenhäuser Allee, kama kilomita mbili, ilipandwa miti tangu 1726. Mwisho wake kuna Großer Garten, ile ya kulipia, leo hatuingii. Chapati nimepika jana usiku, chai ya tangawizi iko kwenye chupa.

Sasa la pesa, maana ndipo maneno yanapoanzia. Viza ya masomo huku mara nyingi inataka akaunti iliyofungwa. Kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, na benki inakuachia 992 kwa mwezi, basi. Ndugu yangu mmoja alipolisikia fungu hilo akalipigia hesabu kwa shilingi, akautangazia ukoo mzima kwamba nimetajirika. Pesa ile mama alikopa kikoba na kuuza ng'ombe. Humohumo natoa kodi ya chumba, bima ya afya na chakula. Mkopo wa mama naurejesha kwa kusafisha ofisi jioni. Liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu ndugu huyo alikuwepo siku ng'ombe anatolewa zizini.

Halafu karatasi. Kibali changu cha kuishi kiliisha mwezi wa tatu. Niliomba kipya mapema, nikapewa karatasi ya kusubiria, wanaiita Fiktionsbescheinigung. Ndani ina visanduku. Kikiwekwa alama cha kifungu cha 81 aya ya 4, cha sheria yao ya ukaazi, ukisafiri unaweza kurudi. Kikiwa cha aya ya 3, sentensi ya kwanza, ukitoka karatasi hiyo haikurudishi. Yangu ni aya ya 4, lakini dirishani kwenye ofisi ya uhamiaji niliambiwa nisithubutu kusafiri, na barua pepe nne nilizoandika kuuliza hazikujibiwa. Shangazi yangu akazikwa Lushoto mimi nikiwa nimekaa kitandani nimeshika simu. Maana ya vile visanduku nimekuja kuielewa baadaye, kwa mshauri wa chuo. Sisemi kila mtu yatamkuta haya. Kesi yako si kesi yangu, ulizia ya kwako kabla hujakata tiketi.

Wiki ile ya msiba ndipo shoga yangu, mtu wa Lubumbashi, alipokuja kunitoa ndani. Tukatembea hapa bila kusema kitu mpaka jua linazama. Tangu siku hiyo kila Jumamosi tunakuja. Mwoneni, kalala kwenye majani juu ya kitenge chake, na hakuna askari wa kumwamsha. Bata wanapita hapo majini, wazee wanasoma magazeti. Mimi kichwa changu kinapoa hapa, mwenzangu labda kitapoa msikitini au kanisani.

Kitu pekee nilichonunua leo ni hiki kichungu cha maua, euro chache tu, dukani karibu na kituo cha tramu. Majani yana manyoya, ua zambarau. Someni kibandiko: Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Usambara yetu! Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwa baba yake huku Ulaya, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika rasmi kwa jina la kitaalamu hapohapo Herrenhausen, mwisho wa njia hii. Wajerumani wanalipanga madirishani kwao. Shoga yangu akaligeuzageuza, akaniuliza, "Hii njo maua ya kwenu?" Nikasema ndiyo. Lakini mimi mzaliwa wa Lushoto sijawahi kuliona porini hata siku moja. Linaota kwenye miamba yenye kivuli, misituni upande wa Amani.

Kwa hiyo mlioko Amani au Muheza, naomba mnisaidie. Mkilikuta mwambani nipigieni picha, niiweke karibu na hiki kichungu. Msiling'oe, misitu ile imeshakatwa sana. Picha tu inanitosha.