Chupa ya mvua kwanza, ngonjera baadaye

Jamani tuanze, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo, msiniache naongea na ukuta. Shikamooni wakubwa zangu. Mlionisikia kwenye semina nyingine za walimu mnajua nitakachosema kuhusu kuwafundisha watoto mazingira na tabianchi, mnivumilie tu, nitasema mpaka nichokwe.

Mimi nina ugomvi na ngonjera. Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, watoto wamepangwa juani toka saa mbili, mgeni rasmi anaingia saa tano, wanaimba tutunze mazingira yatutunze, mgeni anapanda mti anapigwa picha, tunagawiwa maji ya chupa tunakunywa tunaondoka, chupa zimezagaa uwanja mzima. Nani anaziokota? Hao hao wa ngonjera. Na ule mti nendeni mkauangalie mwezi wa tisa, kama mbuzi hajaupitia basi jua limeshamaliza kazi. Halafu kwenye ripoti tunaandika wanafunzi wameelimishwa. Wameelimishwa nini? Kuimba.

Na kuna kitu kinaniudhi zaidi ya hicho, adhabu. Mtoto kachelewa, akamwagilie miti. Kapiga kelele darasani, akaokote takataka. Kafeli hesabu, akafyeke. Miaka yote ya shule ya msingi unamwonyesha kwamba mti ni kitu unachopewa ukikosea, halafu akikua akakata mwembe wa watu bila huruma unashangaa? Mi namwelewa kabisa, analipiza. (kicheko) Mnacheka, lakini walimu wa zamu humu ndani mnajijua.

Sasa mtaniuliza tufanye nini. Chupa ya kupimia mvua. Ndio, ile ile ya maji ya mgeni rasmi. Chukua ya lita moja na nusu, kata pale juu inapoanza kubana, kile kipande cha juu kigeuze kichwa chini ukiingize kwenye mdomo wa chupa kiwe faneli. Chini chupa ina mabondebonde kwa hiyo tia vijiwe, mimina maji mpaka yafike pale ubavu unaponyooka, piga mstari, hapo ndio sifuri yako. Bandika rula kuanzia hapo. Ifunge kwenye nguzo mahali peupe, sio chini ya mti, sio pembeni ya paa, maana nimeiona moja imewekwa kwenye kona ya bati, wakawa wanapata mvua za gharika kila siku. Basi kila asubuhi saa tatu, ndio saa hiyo hiyo wanayosoma wenzetu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mtoto wa zamu anasoma milimita, anaandika kwenye daftari, anarudisha maji kwenye sifuri. Bila mvua anaandika 0. Sifuri nayo ni habari, msije mkawaruhusu waache wazi.

Eti ndio nini, chupa tu? Subirini. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hii sio siri ya wataalamu, ni hesabu ya darasa la tano, lakini mtoto akiishika huwezi kumdanganya tena. Kuna shule huku kwetu Tanga, siitaji jina, mvua ilipiga usiku wakasoma milimita 50. Mwalimu wa hesabu akawaambia pimeni paa la darasa. Mita 7 kwa 8, 56 hizo. Mara 50, lita 2,800. Wakagawanya kwa ndoo ya lita 20, ndoo 140, darasa moja, usiku mmoja! Binti mmoja mdogo tu, wala sio wa kwanza darasani, akanyoosha mkono akauliza, mwalimu, sasa mbona sisi tunabeba madumu toka nyumbani? Mwalimu kimya. Mwalimu mkuu kaitwa, kimya. Maana yale maji yote yalikuwa yameshapita katikati ya uwanja, yamechimba korongo, yameondoka na udongo. Swali likafika kikao cha wazazi, na nyie mnajua vikao vyetu, lakini safari hii watoto walikuja na daftari. Darasa lile likapata mifereji ya bati na tanki. Na miti iliyo jirani na lile tanki ipo mpaka leo, wala hakuna aliyeadhibiwa kuimwagilia.

Najua kuna mtu anataka kuniambia mvua ya siku moja sio mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli, wala sikusema! Wataalamu wanaangalia wastani wa miaka 30. Ndio maana daftari halitupwi, darasa linaloondoka linakabidhi linaloingia. Na wakati tunasubiri hiyo miaka, watoto wakamuulize bibi, vuli ya ujana wako ilianza lini, mlipanda mahindi lini, na masika je, halafu waandike bila kumrekebisha. Bibi atawapa na mvua za El Nino ya 1997, zile zinazokuja bahari ya Pasifiki ikipata joto kuliko kawaida, hiyo nayo waandike. Lakini mtoto asifundishwe kwamba kila mafuriko ni tabianchi, El Nino ilikuwepo kabla hatujazaliwa. Mwambie hivi: tunachoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, dunia inapata joto, na hewa ikiongezeka nyuzi moja ya joto inaweza kubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7. Ikiamua kuumwaga, inamwaga kweli. Inatosha, msimjazie maneno.

Na yule wa pale anayetikisa kichwa, najua, Afrika nzima hatufiki asilimia 4 ya hiyo hewa chafu inayopasha dunia joto, kwa nini mtoto wa Muheza abebeshwe mzigo wa watu wa Ulaya? Asibebeshwe! Aambiwe na hilo pia, ajue nani kachafua na nani analoa. Ila tanki lake hatachimbiwa na Ulaya... hatawekewa, samahani, ulimi.

Muda naona mnanionyesha saa. Nilitaka niseme habari ya Maziwe, pale Pangani, kisiwa kilichokuwa na miti na leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa hulioni. Kasa bado wanataga pale, mayai yanahamishiwa pwani ya Ushongo yasifunikwe na bahari, na mchanga ukizidi joto wanaoanguliwa karibu wote ni majike. Wapelekeni watoto wakaone, sio kuwaonyesha picha za dubu wa barafu. Mkaa, na lile lengo la serikali kwamba asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, naruka, tutaongea wakati wa chai.

La mwisho, hili ndilo linaloua madaftari mengi. Likizo ya Desemba shule imefungwa, vuli haijaisha, nani anasoma chupa? Msiniambie watoto watakuja, hawaji. Mpeni mlinzi. Yupo pale kila siku, mfundisheni kusoma rula, jina lake liandikwe kwenye daftari kama la wengine. Na mshahara wake wa mwezi wa kumi na mbili mlipeni kwa wakati, la sivyo Januari mtakuta sifuri tupu.